Kila karani na ufunguo wake: ruhusa na nywila kwenye kanzidata ya pamoja

Mhadhara kwa watunza kumbukumbu wa vyama vya ushirika, Tanga

Assalaam aleykum, na habari za asubuhi, ndugu zangu.

Tuchukue ushirika wa maziwa wenye vituo Pongwe, Muheza na Korogwe. Alfajiri karani anapima maziwa, anaingiza lita kwenye kompyuta, na rekodi inafika kwenye kanzidata moja ya PostgreSQL, programu ya kutunza data, iliyoko ofisini Tanga mjini. Mwisho wa mwezi mhasibu analipa kwa rekodi hizo. Mfugaji analalamika: alileta lita 18, amelipwa 13. Nani alibadili? Kumbukumbu za seva zinajibu: "maziwa". Ndilo jina ambalo makarani wote, mhasibu na fundi wanaingilia. Mfugaji hana pa kushika, na karani asiye na kosa hana pa kujitetea. Jambo hili linaniuma kuliko habari zote za wadukuzi wa mbali.

Nywila hujibu swali moja tu: huyu ni nani? Anaruhusiwa nini ni swali la pili. Jina la pamoja huyaua yote mawili.

Basi tunaanza na makundi, ambayo yenyewe hayaingii:

CREATE ROLE makarani NOLOGIN;
GRANT SELECT, INSERT ON mapokezi TO makarani;

Kundi limepewa SELECT, yaani kusoma, na INSERT, yaani kuingiza rekodi, kwenye jedwali la mapokezi. Angalieni, karani hana UPDATE, yaani ruhusa ya kubadili. Akikosea, sahihisho ni kazi ya kundi la wahasibu. Kisha kila mtu anapewa jina lake lenye LOGIN, yaani haki ya kuingia, na kuingizwa kundini kwa GRANT. Hapa wengi hukwama: karani anajaribu kuingiza rekodi, anakataliwa kwa sababu ya sequence, yaani kihesabio kinachotoa namba za rekodi. Jedwali likiwa na safu ya aina ya serial, yaani inayojinambia yenyewe, kihesabio kinahitaji ruhusa yake, GRANT USAGE ON SEQUENCE. Fundi mwenye haraka hutoa GRANT ALL, na kazi yote ya asubuhi imebomoka. Tafadhalini, toeni ile moja iliyokosekana.

Ondoeni pia ruhusa ya CONNECT ambayo PUBLIC, yaani kila mtu, hupewa kanzidata inapozaliwa. Kwenye kanzidata zilizoanzishwa kabla ya toleo la 15, futeni vilevile haki ya kila mtu kuunda majedwali kwenye schema, yaani fungu la majedwali, iitwayo public.

Tuje kwenye nywila. Ili kumbukumbu zionyeshe nani kabadili nini, tunaweka log_statement kuwa mod, ili amri zinazobadili data ziandikwe, na kuongeza %u, yaani jina la aliyeingia, kwenye log_line_prefix. Lakini ukishafanya hivyo, amri ya ALTER ROLE yenye nywila ndani yake itaandikwa humo wazi, kila mwenye kusoma faili aione. Tumieni \password ndani ya psql, programu ya kuandikia amri: nywila husimbwa hapohapo kabla ya kwenda kwenye seva.

Usimbaji wenyewe uwe scram-sha-256, ambao ni wa kawaida tangu toleo la 14 la mwaka 2021. Nywila zilizosimbwa kwa md5, njia ya zamani, hazijigeuzi zenyewe. Kila mtu lazima aweke upya. Weka password_encryption kuwa scram-sha-256 kwanza, badilisha nywila zote, tazama pg_authid, jedwali la majina na nywila zilizosimbwa, mpaka kila rolpassword ianze na SCRAM-SHA-256, ndipo uguse pg_hba.conf, faili linaloamua nani aingie na kwa njia gani. Ukigeuza mpangilio, wenye md5 watafungiwa nje kwa ujumbe uleule wa nywila yenye makosa, na karani wa Korogwe ataapa kwamba hajasahau. Atakuwa anasema kweli.

Faili hilo la pg_hba.conf husomwa kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua. Mstari huo ukimkataa mtu, unaofuata haujaribiwi.

hostssl ushirika +makarani 192.168.10.0/24 scram-sha-256

Hostssl ni muunganisho uliosimbwa, na alama ya kujumlisha ina maana ya kila aliye kundini. Mstari huu ni mzuri, ila hauna kazi ikiwa juu yake kuna "host all all 0.0.0.0/0 trust", yaani yeyote kutoka anwani yoyote, uliowekwa siku ya majaribio ukasahauliwa. Trust haiulizi nywila kabisa. Anzeni ukaguzi wenu hapo leo hii. Mkishahariri, someni pg_hba_file_rules kwanza, safu ya error iwe tupu, kisha mwambieni seva asome upya: SELECT pg_reload_conf();

Karani akiacha kazi, ALTER ROLE yenye NOLOGIN humzuia mlangoni tu. Aliyekwisha kuingia anaendelea, hata nywila ikibadilishwa. Mwondoeni kundini kwa REVOKE, maana ruhusa hukaguliwa kwa kila amri, halafu tafuteni pid, namba ya muunganisho wake, kwenye pg_stat_activity, orodha ya walioingia, na mkate muunganisho kwa pg_terminate_backend.