Dallas mpaka Grand Canyon: hela inakwenda wapi hasa

Haya jamani, mambo zenu. Wa Tanga, wa Dar, wa Mombasa, wa Bujumbura, nawaona. Shikamooni mliostahili shikamoo, na shangazi zangu mnaoangalia kwa simu za watoto wenu, karibuni.

Tangu niweke zile picha za safari yetu ya Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, simu yangu haijapoa. Kuna anayesema "dada umeukata", kuna anayeuliza nikope wapi na yeye akakope, na kuna mmoja, ni ndugu yangu kabisa, kaniandikia kwamba nina hela ya kuangalia mashimo ila ya bati la choo sina. Sawa. Leo nafungua daftari hadharani, tuhesabu wote.

Kwanza umbali. Kutoka hapa Dallas mpaka ukingo wa kusini wa Grand Canyon, kule Arizona, ni kama maili 1,050, karibu kilomita 1,700. Ni kama utoke Dar ufike Mwanza, uunganishe mpaka Bukoba, na bado hujafika. Unapandisha na barabara ya 287 hadi Amarillo, pale unaingia barabara kuu ya I-40 unanyoosha magharibi, unapita New Mexico nzima, unafika mji wa Flagstaff, unakata kaskazini. Kuanzia Amarillo mpaka Flagstaff hakuna kulipia barabara hata senti.

Watu wakisikia umbali huo wanadhani mafuta ndiyo yatawamaliza. Hapana. Kwenda, kurudi na kuzungukazunguka, weka maili 2,400. Gari yetu ya kawaida tu inakwenda maili 28 kwa galoni, kwa hiyo ni galoni 86 hivi, yaani lita 325. Piga galoni kwa dola 3 na senti 20, unapata kama dola 275. Watu wanne! Tiketi za ndege za watu wanne hata usiulize. Ujanja wa mafuta ni mmoja tu: Texas mafuta yana bei ya chini, Arizona yanapanda, kwa hiyo unajaza kabla hujavuka, na hujazi kwenye kile kituo cha peke yake nyikani, maana mwenye kituo anajua huna pa kwenda.

Hela ya safari hailiwi na barabara, wapenzi. Inaliwa ukisimama. Ukisimama kula, ukisimama kulala, ukisimama kwa sababu mtoto kaona ishara ya aiskrimu.

Tuanze na kula. Mgahawa wa kawaida, watu wanne, dola 60 mpaka 70. Hapo hawajaweka kodi, na hujaacha bakshishi, ambayo huku si hiari kama mnavyodhani, ni asilimia 15 mpaka 20. Mlo mmoja huo. Ukila hivyo mara mbili kwa siku, siku tatu umeshapita bei ya mafuta ya safari yote. Kwa hiyo mimi nabeba jiko. Jiko dogo la gesi la vichomeo viwili, sufuria mbili, mwiko wangu, unga, maharage niliyochemsha nyumbani nikayagandisha, dagaa wa kukaanga kwenye kopo. Na deli, lile sanduku la kutunzia ubaridi. Sasa sikilizeni habari ya deli, kwa sababu wengi hapa ndipo wanapovuja hela bila kujua. Kila mtu ananunua mfuko wa barafu, kesho mwingine, keshokutwa mwingine, na nyama inaogelea kwenye maji. Mimi nagandisha chupa za maji za plastiki kwenye friza kuanzia Jumatano. Zinapangwa chini ya deli, juu yake maharage yaliyoganda, juu kabisa mboga. Zikiyeyuka tunakunywa. Hakuna maji yaliyomwagika, hakuna barafu iliyonunuliwa mpaka siku ya tatu. Chakula cha wiki nzima nilitenga dola 200 na tulikula ugali tukiwa tunaangalia korongo lenye kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu. Wazungu wa hema la jirani walikuja kunusa.

Kulala. Njiani tulilala moteli usiku mmoja kwenda na mmoja kurudi, Tucumcari, mji mdogo wa New Mexico kwenye ile barabara ya zamani ya Route 66. Nilitenga 110 kwa usiku ingawa tangazo lilisema pungufu, maana bei ya tangazo huku siyo bei utakayolipa, kodi inakungoja mwishoni. Hilo la kodi liwe kichwani kwa kila kitu.

Kule penyewe tulilala kwenye hema, usiku nne. Nikampigia mama mkwe simu ya video jioni, akaona hema, akaona kuni, akamwona mwanawe anapuliza moto. Kimya. Halafu akauliza, "Mwanangu, nyumba mmefukuzwa?" Ikabidi nimzungushie simu aone magari ya maana yaliyopaki pale ndipo akatulia.

Kambi ya mahema ya Mather Campground iko ndani ya hifadhi, na unaweka nafasi kwenye tovuti ya Recreation.gov hadi miezi sita kabla. Kiangazi nafasi zinakwisha kama tiketi za Simba na Yanga. Nilitenga dola 40 kwa usiku na ilibaki chenji. Vyumba vya hoteli eneo lile, msimu wa watu wengi, ni mara nyingi ya hapo. Ukikosa nafasi, nje ya hifadhi karibu na mji mdogo wa Tusayan kuna msitu wa Kaibab, ni wa serikali, na unaruhusiwa kupiga hema bure hadi siku 14. Lakini bure yenyewe ni bure kweli: hakuna maji, hakuna choo, taka zako unaondoka nazo. Na msimu wa ukame moto unapigwa marufuku, kwa hiyo usitegemee kuni, tegemea gesi.

Usibane kwenye kitu kimoja: mfuko wa kulalia. Ukingo ule uko mita 2,100 juu ya bahari, mchana jua, usiku baridi inauma meno hata Mei. Aliyenunua mfuko wa bei chee, saa nane za usiku yuko kwenye gari anatafuta hoteli, na hoteli moja ya usiku huo ingenunua mifuko mitatu ya maana. Hema azima, viti azima, sufuria toa nyumbani. Mitumba hata huku ipo, na hema lililotumika mara mbili ni nusu bei.

Kiingilio. Grand Canyon ni dola 35 kwa gari zima, siku saba. Gari zima, siyo kwa kichwa kama hifadhi za kwetu. Petrified Forest, hifadhi nyingine iliyo pale pale I-40, ni 25. Ukijua utaingia na ya tatu mwaka huo, chukua pasi ya mwaka, dola 80, unaingia hifadhi zote za taifa. Hiyo ni kwa wakazi wa Marekani wenye kitambulisho. Wageni, tangu Januari 2026 mambo yamebadilika: pasi yenu ni 250, na asiye nayo anaongezewa dola 100 kwa kila mwenye miaka 16 na kuendelea kwenye hifadhi 11 zinazojaa watu, Grand Canyon ikiwemo. Kwa hiyo wewe binamu unayesema unakuja Julai na familia, tuongee kabla hujakata tiketi.

Jumla: mafuta 275, pasi 80, moteli 220, hema 160, chakula 200. Ni 935. Juu yake nikaweka 300 za tairi, betri na mtoto kuumwa, kwenye bahasha aliyokaa nayo mume wangu kwa sababu mimi nazijua tamaa zangu dukani.

Mkienda familia mbili, mchango unakusanywa kabla ya safari, unakaa kwa mweka hazina mmoja, kama harusi. Habari ya "tutahesabiana tukirudi" imevunja urafiki mwingi hapa Dallas kuliko siasa.

Na ndugu yangu wa bati: hela ya nyumbani inatoka tarehe moja, kabla ya kodi ya nyumba, kabla ya safari. Yako ya mwezi huu ulishaipokea. Mabati uliyanunua au hukuyanunua, hilo nalo tufungue daftari?

Wiki ijayo nawaonesha namna ya kupanga deli, mstari kwa mstari. Bonyeza kengele hapo chini.