Bom Jesus ya Goa, kanisa lililovuliwa lipu

Haya jamani, leo tuongelee Basilika ya Bom Jesus, Goa ya Kale, India, wengi mshaiona picha yake mahali, lile kanisa jekundu jekundu. Sasa nataka niwaambie, huo wekundu siyo sura yake.

Wajesuiti, shirika la watawa Wakatoliki, walianza kulijenga 1594 likawekwa wakfu 1605, enzi hizo Goa ndo makao makuu ya Wareno Mashariki yote, hata Mombasa yetu ilikuwa inapokea amri za kule, na Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mmisionari Mjesuiti ambaye mwili wake umelazwa humo alipitia Malindi 1542 akielekea Goa. Kaburi lenyewe ni marumaru, kazi ya mchongaji Foggini wa Florence, Italia, zawadi ya Cosimo III mtawala wa Toscana hukohuko Italia, likakamilika 1698, ila lile sanduku la fedha juu yake ni la mafundi wa hukohuko Goa, na mimi naona ndo kitu kizuri kuliko vyote mle ndani.

Turudi ukutani. Kuta ni za laterite, jamaa wa ile moramu ya barabarani, jiwe lina vitundu tele, likitoka machimboni ni laini unalikata utakavyo, likikaa kwenye hewa linakaza, lakini maji linanywa. Basalt ya pale mbele, jiwe la volkano lililoletwa kutoka Bassein karibu na Mumbai, hiyo ngumu haina shida. Hii laterite waliojenga walijua tabia yake ndo maana wakaipiga lipu ya chokaa, na nenda Kanisa Kuu la Se, jirani kabisa pale, mpaka leo ni jeupe.

Miaka ya 1950 akaja Baltazar Castro, msanifu majengo Mreno, akataka kanisa lionekane la kale zaidi, akaamuru lipu ibanduliwe, ikabanduliwa kweli. Toka hapo kila masika ya Juni mpaka Septemba mvua inapiga jiwe tupu, linalowa, linamomonyoka, na hili ni kanisa lililomo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1986! Inaniuma sana.

Kuna wanaosema watalii washazoea wekundu, sawa, lakini mazoea ya miaka 70 hayawezi kuzidi ukuta wa miaka 400. Mimi nasema lipu irudi, na iwe ya chokaa, siyo saruji, maana saruji inafungia unyevu ndani na jiwe litaozea hukohuko.