Desemba 1906, Jimmy Peters hakuwa mgonjwa

Ndugu zangu, ukimtaja Jimmy Peters wengi wana jambo moja tu: Mweusi wa kwanza kuichezea England raga. Wanaonifahamu wamechoka kunisikia nikilisema hili, ila nitarudia: habari haiishii hapo.

Machi 1906 anaitwa timu ya taifa. Wanakwenda Edinburgh, wanaifunga Scotland 9–3. Siku tano baadaye wako Paris, wanaichapa Ufaransa 35–8, naye anafunga trai. Haya, mchezaji huyo unamwacha kwa lipi? Mwaka huohuo timu ya Afrika Kusini inakuja England kwa ziara. Oktoba, siku ya kucheza na Devon, timu ya Peters, wageni wanamwona amevaa jezi, wanagoma kuingia uwanjani. Watu wamekaa wanangoja. Ikabidi wageni wabembelezwe ndipo wakacheza. Lakini Devon haikumtoa, na hilo nawaomba mlishike.

Desemba 8, Crystal Palace, England inakutana na hao hao Afrika Kusini. Peters hayumo. Mechi ikaisha 3–3.

Kuna atakayeniambia, mwalimu, zama zile ndivyo zilivyokuwa. Zama zipi? Devon walikuwa wa zama zipi? Ni mwaka uleule, miezi miwili tu imepita! Au kiwango kilishuka? Mwaka 1907, wageni wameshaondoka, anaitwa tena: anacheza na Ireland, anacheza na Scotland. Miguu ni ileile.

Na ni mtoto wa nani huyu? Amezaliwa Salford, 1879. Baba yake, Mjamaika, alikuwa akifundisha simba wa sarakasi, na simba wakamuua. Mtoto naye akawa humo humo, akipanda farasi bila tandiko, hadi alipovunjika mkono wakamtelekeza. Nyumba za yatima za London ndizo zilizomlea na kumpa mpira.

Muda unanibana. Mechi yake ya tano na ya mwisho kwa England ni dhidi ya Wales, 1908. Mwaka 1910 akapoteza vidole vitatu akiwa kazini kwenye karakana ya meli. Mwenye mpira wa raga nyumbani akunje vitatu, ajaribu kuudaka. Yeye alirudi uwanjani. Baadaye akahamia raga ya kulipwa, Barrow kisha St Helens. Akafariki Plymouth, 1954.

Mweusi aliyemfuata England ni Chris Oti, 1988. Tangu ile mechi ya Wales, miaka 80.