Waulize Wanachokiogopa

Wazazi wangu, walimu wangu, ndugu zangu vijana, nawashukuru kwa kuja kwa wingi hivi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuoanisha matarajio ya familia na kazi ambayo mtu anaipenda. Nitaanza na sheria, kisha nitaiacha upesi, maana ugomvi huu mara chache sana hufika mahakamani. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa Desemba 10, 1948, linasema katika kifungu cha 23 kwamba kila mtu ana haki ya kufanya kazi na kuichagua kazi hiyo kwa hiari yake. Vifungu vitatu mbele, katika kile cha 26, linasema wazazi ndio wenye haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu watakayopewa watoto wao. Visomeni pamoja. Kijana wa miaka 18 anapokaa kujaza fomu ya chuo, haki zote mbili zinakutana juu ya karatasi moja, na wenye haki hizo wanaishi nyumba moja.

Mimi naamini hivi. Mzazi anapokataa kazi anayoitaka mwanawe, mara nyingi ana hofu nne au tano zilizo tofauti kabisa, na zote huzitoa kwa mpigo mmoja. Kijana naye hujibu kwa mpigo mmoja: hamnielewi. Hapo mazungumzo yamekufa. Anayetaka kufika mahali lazima azitenganishe hofu hizo, moja moja, na ajibu kila moja kwa jibu lake.

Kuna kisa kimoja cha kweli ambacho nakipenda sana kwa sababu barua zake zipo hadi leo. Charles Darwin, yule mwanasayansi wa Uingereza aliyekuja kueleza jinsi viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi, alikuwa mtoto wa daktari. Mwaka 1825, akiwa na miaka 16, baba yake alimpeleka Edinburgh akasomee udaktari. Alishuhudia upasuaji mara mbili, mmoja ukiwa wa mtoto, zama ambazo dawa ya usingizi ilikuwa haijapatikana, akatoka mbio kabla haujamalizika. Udaktari ukamshinda. Baba akabadili mpango: basi awe kasisi. Akapelekwa Cambridge. Agosti 1831, akiwa amehitimu, ikamfikia barua ya kumwalika asafiri kwa meli ya Beagle kuzunguka dunia, akichunguza viumbe na miamba. Baba akakataa.

Lakini baba huyo aliacha mlango wazi kidogo. Alimwambia mwanawe: ukimpata mtu yeyote mwenye akili timamu atakayekushauri uende, nitakuruhusu. Charles alikwisha kuandika barua ya kukataa mwaliko. Kesho yake akaenda kwa mjomba wake, Josiah Wedgwood, na huko akafanya jambo ambalo ningependa kila kijana humu ndani alifanye: akaziorodhesha sababu za baba yake kwenye karatasi. Zilikuwa nane. Kwamba safari ingemharibia sifa atakapokuwa kasisi. Kwamba ni mpango wa kichaa. Kwamba lazima wengine waliombwa kabla yake. Kwamba kwa kuwa walikataa, lipo baya kwenye meli au kwenye safari yenyewe. Kwamba hatatulia tena maishani. Kwamba malazi yatakuwa ya taabu. Kwamba huko ni kubadili tena fani. Kwamba haitamletea faida yoyote.

Tazameni orodha hiyo. Nyingine ni hofu ya jina, nyingine ni hofu ya usalama, nyingine ni uchovu wa mzazi aliyekwisha kulipia udaktari ukaachwa njiani. Mjomba alizijibu moja baada ya nyingine kwa barua, tena kwa unyofu. Pale ambapo hakuwa na hakika, alisema. Kuhusu kutulia, alimwandikia baba kwamba wewe unamjua Charles kuliko mimi, ila linganisha atakavyoitumia miaka miwili ijayo akienda na atakavyoitumia akibaki. Kuhusu kubadili fani, alikiri kwamba kama angemwona kijana amezama kwenye masomo ya ukasisi, asingeshauri akatizwe, lakini hakuzama. Na kuhusu faida, alikubali waziwazi kwamba kwa ukasisi safari ile haina faida, ila kwa mtu mwenye udadisi mkubwa ni fursa ya kuona watu na mambo ambayo wachache huipata.

Baba alisoma, akakubali, na gharama akazibeba yeye. Beagle iling'oa nanga Desemba 27, 1831 na kurudi 1836. Yaliyofuata mnayajua.

Sikukileta kisa hiki ili mseme wazazi hukosea na watoto hupatia. Wapo wengi waliokwenda na hawakurudi na chochote, ni vile tu historia haikuandika majina yao. Nimekileta kwa sababu ya ile karatasi. Hofu iliyoandikwa inaweza kujibiwa. Isiyoandikwa hubadilika kila mkikaa kuzungumza: leo ni mshahara, kesho ni majirani, keshokutwa ni ndoa. Na mara nyingi anayefaa kujibu ni mtu wa tatu anayeheshimiwa na pande zote mbili: mjomba, shangazi, mwalimu, yeyote ambaye mzazi akimsikiliza hatajiona ameshindwa na mwanawe.

Sasa niseme na vijana kwa ukali kidogo. Zipo hofu ambazo hazijibiki kwa barua nzuri, kwa sababu ni za kweli. Familia ikimtegemea mtu mmoja, mtoto wa kwanza ambaye wadogo zake wanasubiri ada kutoka kwake, ana mama mgonjwa na baba aliyestaafu, huyo hawezi kuambiwa tu afuate moyo wake. Mnaoandika hivyo kila mahali, mnamwandikia nani? Kwa mtu wa namna hii nashauri atenganishe mambo mawili ambayo familia huyataja kwa pamoja: matunzo na utii. Matunzo ni deni la haki. Mtu amelelewa, naye atunze. Lakini deni hilo linaweza kulipwa na mwanamuziki, na fundi, na mtafiti, na mkulima, mradi lina kiasi na lina tarehe. Ukiweza kuwaambia wazazi, nitaleta kiasi fulani kila mwezi, na nisipoweza kwa miezi mitatu mfululizo nitatafuta kazi nyingine huku naendelea na hii jioni, umekwisha jibu hofu kubwa kuliko zote. Kinachobaki ni utii, na huo katika kuchagua kazi ya mtu mzima sidhani kama ni deni.

Wazee husema usiache mbachao kwa msala upitao, nami nawaunga mkono. Kuacha kazi ghafla kwa sababu umesikia hotuba, hata hii yangu, ni kujidhulumu. Njia nzuri zaidi ni muda wa majaribio. Robert Schumann, yule mtunzi wa muziki wa Ujerumani, alifiwa na baba mwaka 1826, na mama yake akamtaka asome sheria. Akasoma, kwa shingo upande. Mwaka 1830 akamwandikia mama yake akimsihi amwulize mwalimu wa piano, Friedrich Wieck, kama kweli ana kipaji. Mama, kwa majonzi, akaandika. Wieck akajibu kwamba kijana ana uwezo mkubwa, ila kwa masharti: masomo kila siku, nadharia kavu ya muziki asiyoipenda, na miezi sita ya kwanza iwe ya kupima. Mama hakupewa ahadi ya ndoto. Alipewa mtu mwenye ujuzi, muda na kipimo.

Naomba mlishike hilo la nadharia kavu. Kila kazi ina upande wake wa kuchosha, na mzazi anayeuliza kama utauvumilia upande huo anauliza swali la haki. Schumann baadaye aliumia mkono, upigaji piano ukamponyoka, lakini kwa kuwa alikuwa ndani ya fani tayari, alihamia kwenye utunzi. Na Wieck yuleyule, aliyeweza kumshauri kwa utulivu mama wa mtoto wa mwenzake, alipambana hadi mahakamani kumzuia binti yake mwenyewe, Clara, asiolewe na Schumann. Walioana 1840. Wazazi wangu, ndiyo maana nasema msijiamini kuwa mahakimu pekee wa watoto wenu. Upendo unaziba macho, na hilo si aibu.

Kuna jambo moja zaidi kwa wazazi. Mara nyingi mnaihukumu kazi kama mlivyoijua ujanani mwenu. Familia ya Florence Nightingale ilimkatalia uuguzi, na haikuwa kwa ubaya: hospitali za wakati ule zilikuwa chafu na wauguzi hawakuheshimiwa. Walikuwa sahihi kuhusu uuguzi uliokuwepo. Hawakuweza kuona ule ambao binti yao angeujenga. Mwaka 1853 baba yake alimpangia posho ya pauni 500 kwa mwaka ili aishi kwa kujitegemea, na mwaka uliofuata akaenda kuuguza majeruhi wa vita vya Crimea. Kabla hujasema kazi ya mwanao haina mshahara, kaa na mtu anayeifanya leo. Saa moja inatosha kujua kama unachokihofia bado kipo.

Na wale ambao familia hazitakubali kamwe? Wapo, na baadhi yenu mmekaa hapa. Kwenu sina njia nyepesi. Nawashauri msiubebe ubishi wa kazi kila mnapokwenda nyumbani. Nenda kwenye msiba, nenda kwenye harusi, kaa na mzazi wako anapougua, toa unachoweza kutoa, na kazi usiitaje mpaka uulizwe. Wengine huulizwa baada ya miaka mingi, tena kwa swali dogo kama unarudi saa ngapi kazini. Lijibu kwa urefu.

Muda wangu umekwisha. Nitapokea maswali, na ningependa wazazi watangulie.