Adowa: Ngoma ya Waasante Inayosema kwa Mikono

REHEMA: Hamjambo wasikilizaji wetu, popote mlipo. Leo tuko Ghana, katika mji wa Kumasi, na kaka Faraji ndiye aliyeng'ang'ania tuizungumzie Adowa, ngoma ya Waasante, wenyeji wa huko.

FARAJI: Niling'ang'ania kweli, dada Rehema. Ukitaja ngoma za Afrika Magharibi, watu wanafikiria moja kwa moja miguu, vumbi na kuruka. Adowa ya Waasante haina papara. Hatua fupi fupi, magoti yamekunjwa kidogo, na kazi kubwa inafanywa na mikono. Mgeni anaweza kuitazama muda mrefu asijue kwamba mbele yake watu wanazungumza.

REHEMA: Wanazungumza nini? Tutajie ishara moja moja tuzione.

FARAJI: Marehemu Profesa Kwabena Nketia, mtaalamu wa muziki aliyezaliwa Mampong ya Asante mwaka 1921, alieleza maana za ishara hizi. Mchezaji akiweka kidole cha shahada cha mkono wa kulia kichwani, anasema: hili ni jambo la kulifikiria kwa makini. Kidole hicho hicho akikiweka chini ya jicho la kulia: mimi sina la kusema, tazameni wenyewe mambo yanavyokwenda. Akielekeza mkono juu, anamtazamia Mungu.

REHEMA: Hiyo ya jicho imenigusa. Msibani maneno yanaisha upesi. Ukishasema "poleni" na "tuko pamoja", unabaki umekaa tu.

FARAJI: Na Adowa nyumbani kwake ni msibani, ingawa inachezwa pia kwenye sherehe. Watu wamevaa nyeusi na nyekundu, mfiwa anaingia uwanjani mikono yote miwili iko kichwani. Hapo huhitaji mkalimani.

REHEMA: Hata huku kwetu. Bibi akimwona mtoto amejitwika mikono kichwani anamkemea, anaona anaita msiba.

FARAJI: Kabisa. Lakini kuna moja ninayoipenda kuliko zote. Mchezaji anazungusha mikono yote miwili kuelekea kifuani, halafu anaunyoosha wa kulia kwa nguvu, sambamba na mapigo ya mwisho ya ngoma. Maana yake: mkinifunga kamba, nitazikata vipande vipande. Hebu fikiria mjane anamwambia hivyo shemeji yake mbele ya ukoo mzima, na hajafungua mdomo.

REHEMA: Hapo shemeji atajua cha kufanya! Sasa, na ngoma zenyewe zinasema?

FARAJI: Zinasema. Kuna kengele ya chuma, dawuro, inayoshika mwendo wote. Halafu kuna atumpan, ngoma mbili kubwa zinazosimama pamoja, moja sauti ya juu, nyingine ya chini. Kitwi, lugha ya Waasante, ni lugha ambayo neno hubadilika maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, kwa hiyo mpigaji anaiga mpando huo na wanaojua wanasikia methali au jina la sifa la mtu. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, ndiyo maana ngoma zetu za pwani hazikuchukua njia hiyo. Ila Walokele wa karibu na Kisangani, kule Kongo, ambao lugha yao ina toni kama Kitwi, walikuwa wakitumiana habari kijiji hadi kijiji kwa ngoma ya gogo lililochongwa.

REHEMA: Na wanaotazama? Wanakaa kimya?

FARAJI: Wasingeweza! Mchezaji akigusa penyewe, mtu anatoka kwenye kiti, anamfuata na kumwinulia vidole viwili juu ya kichwa. Hiyo ni pongezi, anaungwa mkono. Mwingine anambandika noti kwenye paji la uso.

REHEMA: Kama tunavyomtunza mwimbaji wa taarabu.

FARAJI: Ndiyo hiyo hiyo. Na ndipo ninapokuja kwenye linaloniuma. Mwaka 1962 Profesa Nketia na mtaalamu wa ngoma Albert Mawere Opoku walianzisha kundi la taifa la ngoma katika Chuo Kikuu cha Ghana, Legon. Ngoma za makabila mbalimbali zikapandishwa jukwaani.

REHEMA: Na mwaka huo huo wa 1962, mwezi wa Desemba, Mwalimu Nyerere alitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Akasikitika kwamba Watanganyika wanajua rumba na cha-cha-cha, lakini ni wangapi wamewahi kucheza ngoma za kwao kama gombe sugu au lelemama? Nchi ndiyo kwanza inajitawala, ilikuwa lazima ngoma zitoke vijijini. Unaumwa na nini?

FARAJI: Jukwaani wachezaji kumi wanainua mkono mmoja, kwa wakati mmoja, kwa pembe moja. Inapendeza, sikatai. Ila watu kumi hawawezi kufiwa kwa namna moja. Ishara ya "nitazikata kamba" ina uzito kwa sababu ni huyu mama, leo, anamwambia yule pale. Ukishaipanga mstari, mazungumzo yanakatika. Na watazamaji wako gizani, hakuna wa kuinuka na vidole viwili.

REHEMA: Hapo sikubaliani nawe, kaka. Pale Legon kijana wa Kiewe, kabila jingine la Ghana, alijifunza Adowa, na Mwasante akajifunza Agbadza, ngoma ya Waewe. Msibani Kumasi asingefundishwa na mtu. Leo wapo walimu wanaojua ngoma za nchi nzima kwa sababu ya kundi lile.

FARAJI: Hilo nalikubali, na Opoku aliijua Adowa vizuri mno. Ninachotaka ni mwanafunzi apelekwe pia msibani, asimame nyuma ya wale wamama wazee, aone nani anamjibu nani.

REHEMA: Basi msikilizaji akibahatika kufika Kumasi, atazame nini kwanza?

FARAJI: Atazame mwanzo. Kabla ya kucheza, mchezaji anakwenda kuinama mbele ya chifu au wazee, kisha mbele ya wapigaji, anaomba ruhusa. Mwanamume anashusha kitambaa begani na kuvua makubazi. Akiona hivyo, ajue mtu huyo ana neno. Aiache simu mfukoni, ayafuate macho: anamtazama nani?

REHEMA: Wiki ijayo tunabaki Ghana, ila tunashuka pwani, Bukom ya Accra, walikoanzia vijana wa kabila la Ga na kpanlogo yao, ngoma iliyowakasirisha wazee miaka ya 1960. Asante kaka Faraji.

FARAJI: Asante dada. Na hapo kwenye kpanlogo, nakwambia mapema, mimi niko upande wa vijana.