Lukomir si Mahame

Ndugu zangu, wanaonifahamu walishajua kwamba leo nitarudi tena kwenye habari za kijiji cha Lukomir. Narudi kwa sababu swali ni lile lile kila mwaka: kijiji kina watu wangapi? Nami nawauliza: mwezi gani?

Kipo Bosnia, kwenye mlima Bjelašnica, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ukingoni kabisa mwa korongo la mto Rakitnica. Theluji ikishafunga barabara, gari halipandi. Kwa hiyo kabla ya baridi kali kondoo wanateremshwa, milango inafungwa, watu wanakwenda kukaa chini, wengi upande wa Sarajevo. Theluji ikiyeyuka wanarudi. Karani wa sensa akipanda Januari ataandika sifuri. Apande Julai: atakuta moshi, kondoo, na akina bibi barazani wakifuma soksi za sufu.

Kuna atakayeniambia, "Mwalimu, hilo ni dago tu." Hapana! Dagoni mvuvi anasimamisha kibanda cha makuti, msimu ukiisha anakiacha. Nani amejenga dago la mawe? Tazameni nyumba zile: chini zizi, juu wanalala watu, joto la mifugo likiwapandia. Paa la vibao lina mwinuko mkali, theluji haipati pa kukaa, inateleza yenyewe. Siku hizi mapaa mengi ni bati, lakini mwinuko ni ule ule. Halafu yapo makaburi ya stećci, mawe makubwa yaliyochongwa zama za kati. Mahali wanapozikana tangu zama hizo mnapaitaje dago?

Sensa ya 2013 ilifanyika Oktoba. Matokeo yalitoka 2016: watu 3,531,159 nchi nzima, kutoka zaidi ya milioni 4.3 mwaka 1991. Kilichochelewesha ni ubishi huu huu wa nani ahesabiwe mkazi. Republika Srpska, sehemu ya Bosnia yenye serikali yake na Waserbia wengi, iliyakataa matokeo.

Vita vya Bosnia vya 1992 hadi 1995? Vijiji vingi vya Bjelašnica vilichomwa, Lukomir ilisalimika. Vijana wameteremshwa na shule na ajira. Watalii na barabara tuache, mwenyekiti ameshanionyesha saa.

Ila pale nyuma nimeona mtu ameandika daftarini "mahame". Tafadhali, lifute neno hilo kabla hatujatoka humu. Haya, maswali.