Miguu Ilitangulia Ubongo

Ndugu wasikilizaji, narudia jambo ambalo baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema: wahenga wetu walitembea wima kwa miguu miwili zamani sana, kabla ubongo wao haujawa mkubwa. Nalirudia kwa sababu wengi bado wanaamini kwamba akili ndiyo iliyotusimamisha.

Ushahidi uko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 1978 kikosi cha mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey kilikuta nyayo zilizoachwa yapata miaka milioni 3.6 iliyopita kwenye majivu ya volkano yaliyoloweshwa na mvua, yakakauka na kuwa magumu kama saruji, kisha yakafukiwa na majivu mengine. Zitazameni kwa makini: kisigino kimekanyaga kwanza, unyayo una tao, na kidole gumba kimelala sambamba na vidole vingine, wala hakikuchepuka pembeni kama cha sokwe anayeshika tawi. Wataalamu wengi wanazihusisha nyayo hizo na zamadamu, yaani wahenga wa kale wa binadamu, wa jamii ya Lucy, ambaye mifupa yake ilichimbuliwa Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, ambao ubongo wao ulikuwa takriban theluthi moja tu ya ubongo wetu.

Atatokea wa kusema kwamba nini kilitangulia ni mzozo wa wataalamu tu. Sikubali hata kidogo. Mtaalamu wa anatomia Raymond Dart alipotangaza mwaka 1925 fuvu la mtoto wa zamadamu lililopatikana Taung, Afrika Kusini, lenye ubongo mdogo lakini dalili za kutembea wima, vigogo wa taaluma hii Uingereza walilikataa, kwa kuwa walitarajia mhenga mwenye ubongo mkubwa, na waliamini wanaye tayari, yule "mtu wa Piltdown", mifupa iliyodaiwa kuchimbuliwa Piltdown, Uingereza, na kutangazwa mwaka 1912. Ilipofika mwaka 1953 ndipo ulaghai ulipofichuliwa: fuvu la binadamu lilikuwa limeambatanishwa na taya la orangutani, nyani mkubwa wa Asia, meno yakapigwa tupa na mifupa ikatiwa rangi ili ionekane ya kale. Kwa miaka 40 mifupa ya kughushi iliheshimiwa, na mfupa wa kweli kutoka Afrika ukatiliwa shaka.

Na anayeuliza mbona sokwe wangalipo ikiwa tulitokana nao, ajue kwamba hatukutokana na sokwe wa leo. Sisi na wao tulichipuka kwa mhenga mmoja aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita, na wao pia wamebadilika tangu hapo.

Na kwa anayeuliza kama rangi za ngozi zinawatenganisha binadamu, muda hautoshi, ila lifahamike hili: sehemu kubwa ya tofauti za kijenetiki za binadamu imo ndani ya kila jamii, si baina ya jamii na jamii, na Afrika ndiko tofauti hizo zilikojaa kuliko popote, kwa kuwa ndiko binadamu alikoishi muda mrefu zaidi.